Mistari Michache, Ziwa Zima

*Mchoro wa penseli uliofanywa kwa haraka, wenye nafasi nyeupe nyingi kuliko mistari, una thamani gani kwa watu wa Malemba-Nkulu? Wapo wanaosema ni ladha ya wageni. Wapo wanaosema haujamalizwa. Na wapo waliokuwa na mchoro wao wenyewe kabla penseli haijafika.*

Mwishoni mwa mwaka 1874, afisa mmoja wa jeshi la majini la Uingereza alisimama kando ya ziwa dogo karibu na Kilemba, makao ya Kasongo Kalombo, mfalme wa Waluba. Mbele yake, majini kabisa, palikuwa na vijiji vilivyojengwa juu ya nguzo. Alitamani kuvifikia. Mtumbwi haukupatikana.

Afisa huyo ni Verney Lovett Cameron, kijana wa miaka 30. Alikuwa ametoka Bagamoyo Machi 1873, ametumwa kumtafuta na kumsaidia msafiri na mmisionari David Livingstone. Alipokuwa Unyanyembe, maiti ya Livingstone ikamfikia, ikirudishwa pwani na watumishi wake, akina Susi na Chuma. Wengine wangegeuza. Yeye akasonga mbele: Ujiji, Ziwa Tanganyika, Nyangwe, ambako alikutana na mfanyabiashara Tippu Tip, kisha akashuka kusini hadi nchi ya Waluba. Huko Kilemba mwenyeji wake alikuwa mfanyabiashara kutoka pwani, Juma Merikani.

Basi, kwa kukosa mtumbwi, alitoa penseli. Ziwa akaliandika Mohrya, na vijiji vile akavichora kutoka nchi kavu, kwa umbali ambao jicho lake lilimruhusu.

Kitabu chake, *Across Africa*, kilitoka London mwaka 1877 kwa juzuu mbili. Zama hizo picha za vitabu vya safari zilipita kwanza mikononi mwa mafundi wa kuchonga, watu ambao aghalabu hawakuwahi kukanyaga Afrika. Fundi anapokea mistari ya msafiri, kisha anajaza: mawingu hapa, kivuli pale, majani kwenye mti, mawimbi kwenye maji. Msomaji wa London aliletewa ziwa lililokamilika, wakati mtu aliyesimama pale ufukweni hakuliona hivyo.

Kati ya mchoro wa mkono na picha ya fundi pana tofauti kubwa, na tofauti hiyo ndiyo mada niliyokabidhiwa na mhariri wangu. Swali lake lilikuwa jepesi kuuliza: kwa nini watu wenye akili zao husimama mbele ya kikaratasi chenye mistari michache ya penseli, mti nusu, kilima nusu, wakasema ni kazi ya sanaa? Nikamwongezea langu: na je, mtoto anayesoma leo Malemba-Nkulu ana sababu gani ya kujifunza kuchora hivyo?

Nchi isiyokaa mahali pamoja

Malemba-Nkulu ni wilaya ya jimbo la Haut-Lomami, kusini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jimbo lililozaliwa mwaka 2015 baada ya Katanga ya zamani kugawanywa, makao yake makuu yakiwa Kamina. Mji wenyewe uko kando ya Lualaba, mto ambao kutoka Bukama kwenda kaskazini hadi Kongolo unapitika kwa chombo zaidi ya kilomita 600. Ni nchi ya maji. Kuna Ziwa Upemba, Kisale, Kabamba na mengine madogo ambayo ramani huyapa jina na masika huyabadilisha umbo.

Watu wameishi humu muda mrefu. Wanaakiolojia waliochimba Sanga, kando ya Kisale, kuanzia mwaka 1957, na baadaye Malemba-Nkulu kwenyewe mwaka 1975, walikuta makaburi yenye vyungu, vyuma na shaba vya watu waliotangulia kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Cameron alisimuliwa jambo kuhusu Kisale, ziwa ambalo yeye aliliona kwa mbali tu. Watu wake, aliandika, hukata vipande vikubwa vya tingitingi, ile mimea inayoelea, wakapanga juu yake magogo na udongo, wakajenga nyumba, wakapanda migomba, wakafuga mbuzi na kuku. Kisiwa hufungwa kwenye miti iliyochomekwa chini ya maji. Wakitaka kuhama, wanang'oa miti na kuhama na kijiji chao.

Sasa mchoraji afanyeje na nchi ya namna hiyo? Achore mstari wa pwani, kesho mafunjo yamesogea. Achore kisiwa, kisiwa kimeondoka. Nchi ikiwa hivi, mchoro wa haraka ndio unaoendana na mwendo wake. Picha iliyofanyiwa kazi miezi mitatu itakuwa inaeleza mahali ambapo hapapo tena.

> Mafunjo yakisogea kila msimu, mchoro wa haraka ndio unaoendana na mwendo wa nchi.

Rundo la samadi na zawadi ya harusi

Mchoro wa aina hii, kama ladha ya watu wa mijini na majumba ya makumbusho, ulipata heshima Ulaya katika zama za Ulimbwende, yaani tangu miaka ya mwisho ya karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19. Kabla ya hapo mandhari ya shamba mara nyingi ilikuwa pazia la nyuma tu: mbele asimame mfalme, mtakatifu au mungu wa Kiyunani. Walimbwende walimwondoa mfalme. Kilichobaki ni mti, mvua inayokuja, njia ya ng'ombe, na hisia za mtu aliyesimama hapo.

Vita navyo vilichangia. Penseli nzuri za wakati ule zilitegemea madini ya kinywe kutoka Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza. Ufaransa ilipopigana na Waingereza ikakosa madini hayo. Mwaka 1795 Nicolas-Jacques Conté akapata njia ya kusaga kinywe, kukichanganya na udongo wa mfinyanzi na kukichoma tanuruni. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na mstari wake hafifu. Ukipungua, inakuwa laini na nyeusi. Penseli iliyomo mfukoni mwa mwanafunzi wa Kamina leo imetengenezwa kwa njia hiyohiyo.



Mfano ninaoupenda ni wa John Constable, mtoto wa mwenye vinu vya kusaga nafaka, aliyezaliwa mwaka 1776 katika kijiji cha East Bergholt, mashariki mwa Uingereza. Vijitabu vyake viwili vya mfukoni, vya mwaka 1813 na 1814, vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Ni vidogo kiasi cha kuenea kiganjani. Alitembea navyo mashambani, akichora alichokuta: mkokoteni, jembe la kukokotwa, mnara wa kanisa kwa mbali, watu wakifanya kazi.

Mwaka 1814 alishughulika na bonde la mto Stour, na alichokiweka mbele kabisa ya mandhari ni rundo la samadi ambalo wafanyakazi walikuwa wakilipakia kupeleka shambani. Kutokana na kazi hiyo akatengeneza picha ya rangi, ambayo sasa iko Boston, Marekani. Picha yenyewe iliagizwa iwe zawadi ya harusi. Bibi harusi akapewa kijiji chake cha utotoni, mto wake, kanisa lake, na samadi mbele. Kwa fikra zangu hiyo ni zawadi bora kuliko sahani za udongo.

Miaka kumi baadaye, kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1824, Constable alipewa nishani ya dhahabu. Hata hivyo walikuwapo waliolalamika kwamba kazi yake haijamalizwa. Lalamiko hilo ni la zamani kuliko sote.

Soma mkono kabla ya mti

Atazamaye mchoro wa namna hii kwa mara ya kwanza hufanya kosa la kutafuta vitu: nyumba iko wapi, mti ni wa aina gani, huyu ni mtu au kisiki? Anapokosa jibu, anaukataa. Afadhali aanze na mkono.

Chukua ukingo wa Lualaba asubuhi, hapo Malemba-Nkulu boti za mbao zinapopakia samaki wa kukaushwa. Mchoraji akikaa na penseli laini, mstari wake wa kwanza utakuwa ule wa mbali, mahali maji yanapokutana na mafunjo. Atauvuta karibu bila kukandamiza, kwa ubavu wa penseli, na utatoka wa kijivu, umekatikakatika. Pale ulipokatika ni ukungu. Hakuuchora ukungu, aliinua mkono.

Kisha atakuja mbele. Matete ya karibu atayapiga kwa mistari mifupi ya kwenda juu, kila mmoja umeanza kwa nguvu chini na kufifia kileleni, kwa sababu hivyo ndivyo mkono unavyotoka kwenye karatasi. Hatahesabu matete. Atapiga kumi, na jicho la mtazamaji litaotesha mia. Boti itapata mistari mitatu: ubavu, kivuli chake majini, na nguzo ya kusukumia iliyosimama wima. Nguzo hiyo ndiyo atakayoikandamiza kuliko vyote, hata karatasi itabonyea. Ukipitisha kidole nyuma ya karatasi utauhisi mstari wake.

Maji hatayagusa. Maji ni karatasi.

Kwa hiyo mtu anayejua kutazama huanza kuuliza maswali mengine. Mstari upi ulitangulia? Wapi mkono uliharakisha? Wapi ulirudi mara ya pili kwa kuwa mara ya kwanza haukuridhika? Mchoro uliolegea unaficha machache sana kuhusu namna ulivyofanywa. Rangi ya mafuta inaweza kufuta makosa yake chini ya tabaka lingine. Penseli huyaacha pale yalipotokea, na mtazamaji huona mtu akifikiri. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuupenda, kuliko uzuri wa mandhari yenyewe.

Na zile nafasi nyeupe ni sehemu ya ushahidi. Cameron hakufika kwenye nyumba za Mohrya. Mchoro unaoziacha kuwa vivuli vidogo juu ya nguzo unasema kweli juu ya mahali aliposimama. Atakayekuja kuzijazia milango na madirisha, hata akiwa fundi hodari, anasema asichokijua.

> Nafasi nyeupe ni sehemu ya ushahidi: inaonyesha mahali ambapo jicho halikufika.

"Lakini hiyo ni penseli ya nani?"

Hapa ndipo upande wa pili unapoinuka, na una hoja nzito.

Cameron hakuwa mshairi aliyepotea njia. Maofisa wa majini wa Uingereza walifundishwa kuchora kama walivyofundishwa kupima kina: mchoro wa pwani ulikuwa chombo cha kuongozea meli, na wakati wa vita, mizinga. Cameron huyohuyo alitaka bonde la Kongo liwekwe chini ya himaya ya Uingereza. Serikali yake haikukubali. Baada yake wakaja watu wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Msafara wa kisayansi wa Charles Lemaire ulipopita Katanga kati ya 1898 na 1900, ulikuwa na mchoraji wake rasmi, Léon Dardenne, na kazi zake zimehifadhiwa Tervuren, Ubelgiji.

Anayesema kwamba mandhari ya kupendeza isiyo na wenyewe ilikuwa hatua ya kwanza ya kuinyakua, basi, hasemi upuuzi. Karatasi inayoacha nafasi nyeupe inaweza kuwa unyenyekevu wa mchoraji. Inaweza pia kuwa njia ya kusema: hapa hapana mtu. Vitu hivi viwili vinafanana sana kwenye karatasi, na ni historia ya mchoraji inayotusaidia kuvitenganisha, wala si kila mara.

Kisa cha William Burton hakikai sawasawa upande wowote. Huyu alikuwa mmisionari wa Kipentekoste kutoka Uingereza, fundi umeme kwa mafunzo, aliyefika Mwanza mwaka 1915 pamoja na mwenzake James Salter. Hii si Mwanza ya Ziwa Viktoria. Ni Mwanza ya Waluba, katika nchi ya Malemba-Nkulu. Akaishi Kongo miongo kadhaa. Alihubiri dhidi ya mizimu, na papo hapo akakusanya, akapiga picha, akachora na kupaka rangi mambo ya Waluba kwa bidii ambayo watafiti wengi hawakuwa nayo. Kitabu chake kikubwa juu ya dini na uganga wa Waluba kilichapishwa Tervuren mwaka 1961. Mkusanyiko wake wa picha na vitu uko Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg.

Kwa maneno mengine, mtu wa Malemba-Nkulu anayetaka kuona jinsi nchi ya babu yake ilivyochorwa, atafute nauli ya Johannesburg, Brussels na London.

Ubao wa shanga

Burton ndiye pia aliyetuachia ushahidi wa jambo linalobadilisha mjadala wote. Chama cha Mbudye, walinzi wa kumbukumbu za ufalme wa Waluba, kilikuwa na desturi ya kuchora ukutani wakati wa kufunda wanachama wapya. Kilichochorwa ni nchi: maziwa, mito, makao ya wafalme, mahali pa mizimu. Mwanafunzi alifundishwa nchi yake ukutani, jina baada ya jina.

Mbudye walikuwa na chombo kingine mashuhuri zaidi: lukasa. Ni ubao wa kushika mkononi, umebanwa kiunoni, umepigiliwa shanga na vijiti vya chuma, pengine na michoro iliyochongwa mgongoni mfano wa gamba la kobe. Msomaji huushika kwa mkono wa kushoto na kupitisha kidole cha mkono wa kulia. Ushanga mmoja mkubwa uliozungukwa na vidogo waweza kuwa mfalme na watu wake. Mstari wa shanga waweza kuwa njia, safari ya Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyekuja kutoka mashariki. Wasomaji wawili, kwa hafla mbili, husoma ubao mmoja kwa namna mbili. Maonyesho makubwa kuhusu sanaa hii ya kumbukumbu yalifanyika New York mwaka 1996, na tangu hapo lukasa imekuwa maarufu kwenye vitabu vya vyuo vikuu kuliko ilivyo kwenye shule zetu.

Sisemi lukasa ni mchoro wa penseli. Lukasa haionyeshi ziwa jinsi linavyoonekana, inalitaja. Haijali ukungu wa asubuhi. Lakini mtu aliyelelewa na lukasa asingepata shida hata kidogo na wazo kwamba alama chache zinabeba nchi nzima, na kwamba anayetazama lazima afanye kazi. Hilo ndilo wazo ambalo wakosoaji wa Paris wa mwaka 1824 lilikuwa likiwashinda.

Kwa hiyo ile hoja kwamba mchoro usiojazwa ni "kitu cha Wazungu" ina nusu ya ukweli tu. Penseli ilikuja na wageni. Uvumilivu wa kusoma alama chache ulikuwapo Mwanza kabla ya Burton kushusha mizigo.

> Mtu aliyelelewa na lukasa asingepata shida na wazo kwamba alama chache zinabeba nchi nzima.

Ugomvi wa Elisabethville

Suala la kufundisha lilizua mvutano mkali Lubumbashi, enzi hizo ikiitwa Elisabethville. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya wachoraji iliyojulikana kama Hangar. Kanuni yake ilikuwa kali: Mwafrika asifundishwe kuchora kwa mitindo ya Ulaya. Asipewe picha za kunakili. Aachwe na macho yake.

Walitoka wachoraji wa ajabu. Pilipili Mulongoy, na samaki wake, ndege wake na majani yaliyojaa karatasi yote. Mwenze Kibwanga, aliyejenga kila umbo kwa mistari mifupi iliyolala sambamba. Bela, aliyepaka kwa vidole. Ukitazama Pilipili huoni hata pembe moja tupu. Maji yamejaa, anga limejaa. Ni kinyume kabisa cha kijitabu cha Constable.

Mwaka 1951 Laurent Moonens akafungua shule ya sanaa mjini humohumo, yenye mafunzo ya kawaida: kuchora kwa kutazama, vipimo, mwanga na kivuli. Desfossés alipofariki mwaka 1954, karakana yake ikamezwa na shule hiyo. Kule Makerere, nchini Uganda, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937, swali lilikuwa hilohilo: naye aliwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno, kisha wao wakachora walichokiona mawazoni. Sam Ntiro wa Machame alipitia mikononi mwake, na picha zake za vilima na migomba ya Uchagga zinaonyesha hivyo.

Ninawaheshimu wote wawili, Desfossés na Trowell, na bado nasema walikuwa na woga uliopitiliza. Kumkinga mtu na penseli ni kumchagulia. Mwenze Kibwanga angeweza kujifunza mwanga na kivuli Jumatatu na kurudi kwenye mistari yake Jumanne; mtu mwenye mkono wake hanyang'anywi kirahisi. Ila wafuasi wa Moonens nao walikuwa na upofu wao: walidhani kutazama kunaanza shuleni kwao.

Soko nalo lina neno

Upande wa tatu haubishani kwa nadharia. Unauza.

Katika miaka ya 1970, nyumba za wafanyakazi wa migodi ya Katanga zilijaa picha za rangi zilizopakwa kwenye kitambaa cha magunia ya unga: mamba muntu, yule mwanamke-samaki; koloni ya Wabelgiji na kiboko chake; mandhari ya kijiji penye mto na minazi au michikichi. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alipaka historia nzima ya Zaire kwa picha zaidi ya mia moja na kuieleza kwa Kiswahili cha Katanga mbele ya kinasa sauti cha mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Dar es Salaam, kwa wakati uleule, wafuasi wa Edward Tingatinga waliendelea kupaka rangi za kung'aa baada ya kifo chake mwaka 1972.

Mteja wa picha hizi, awe wa Lubumbashi au wa Dar, anataka kitu kilichokwisha. Ametoa pesa, kwa nini apewe karatasi tupu? Mchoraji mwenye watoto wa kulisha hawezi kumjibu kwa hotuba juu ya Ulimbwende. Na sidhani anatakiwa kumjibu. Mchoro wa penseli haukuzaliwa sokoni. Constable hakuuza vijitabu vyake; viliingia makumbusho mwaka 1888, zaidi ya miaka 50 baada ya kifo chake, kwa mkono wa binti yake. Vilikuwa daftari la kazi.

Mchoro ukichukuliwa kama daftari, hasara ya kutokuwa nao inaonekana wazi. Mafuriko ya Lualaba huondoa vitongoji. Vita vya miaka ya 2000 mwanzoni viliwatoa watu wengi Malemba-Nkulu na wilaya jirani, wakaacha vijiji ambavyo vingine havikujengwa tena palepale. Nani aliyevichora? Simu zipo, tena nyingi, na zinapiga picha nzuri ya uso wa mtu. Lakini picha ya simu huchukua sekunde, na inaonyesha kila kitu kwa uzito mmoja: kopo la plastiki mbele na mbuyu wa ukoo nyuma. Aliyekaa saa moja na penseli ameamua kipi kikandamizwe na kipi kiachwe. Uamuzi huo ndio kumbukumbu.

Alama ngapi kwa mti nusu?

Ningekuwa na sauti katika shule za Haut-Lomami, nisingeanza na Constable. Ningeanza na ukuta wa Mbudye: mtoto achore njia ya kutoka nyumbani hadi mtoni, kila mahali na jina lake, akitaja kwa sauti anapochora. Baada ya hapo ndipo apewe karatasi, atolewe nje, aambiwe achore anachokiona kabla boti haijaondoka. Penseli moja, bila kifutio. Majina aandike pembeni ya mchoro kwa Kiluba au Kiswahili, jinsi nyanya yake anavyoyatamka.

Gharama si kizuizi kikubwa. Penseli ni kati ya vitu vichache vya shule ambavyo mzazi humudu. Kizuizi ni mwalimu anayetakiwa kutoa alama. Amezoea kutia tiki kwenye mchoro uliojaa, uliopigiwa rula, uliopakwa rangi hadi ukingoni, kwa sababu huo unaonyesha bidii. Akiletewa mti nusu, maji ya karatasi tupu na nguzo moja iliyokandamizwa, ataona uvivu.

Kipimo kipo, na hakihitaji shahada ya sanaa. Mwalimu auchukue mchoro, atoke nao nje bila mtoto, atembee ukingoni mpaka afike mahali ambapo mafunjo, boti na kilima vinapangana kama vilivyo kwenye karatasi. Akifika hapo akasimama alipokaa mwanafunzi, ampe alama zote. Asipofika, amwite mtoto ampeleke, kisha amuulize ni mstari gani umekosekana.